Muulize Kwanza Anayekwenda Kupumzika

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii)



Wiki hii naomba tuzungumzie mahali pa kulala mtu anapokwenda likizo kisiwani. Alale hoteli kubwa ya ufukweni, gesti, nyumba ya kupanga kwa siku chache, au kwa ndugu? Najua wako watakaosema: sisi tunahangaika na ada za shule, huyu anatuletea habari za ufukwe. Nawaomba mnivumilie kidogo. Siku hizi watoto wengi walioajiriwa mijini huchangishana fedha ili wazazi wao, ambao hawakujua likizo maisha yao yote, nao waione bahari kabla hawajafa. Ni jambo jema sana. Lakini nimeona fedha hizo zikiliwa na matapeli. Nimeona pia zikitumika vizuri, hata senti moja isipotee, na bado yule aliyekusudiwa kufurahi asifurahi.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu. Shangazi yangu anaishi Kagerankanda, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi alikuwa darasani, jioni shambani kwenye mahindi na maharage, na usiku akisahihisha madaftari kwa taa ya mafuta. Alipostaafu, watoto wake watatu walikubaliana kumpeleka Unguja siku tano. Kukubaliana safari kulichukua dakika kumi. Kukubaliana mama atalala wapi kulichukua miezi miwili, na nusura ndugu wasisemezane.

Mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alitaka hoteli ya kitalii huko pwani ya kaskazini, ile ya kulipa mara moja ukala, ukanywa na ukalala bila kutoa fedha nyingine. Hoja yake ilikuwa moja: “Mama amepika miaka yote, safari hii apikiwe.” Binti wa pili alitaka wapange nyumba kijijini, pwani ya mashariki, watoto na wajukuu wakae na bibi yao chini ya paa moja. Kitinda mimba akauliza: “Si tuna jamaa wa shemeji pale mjini Unguja? Kwa nini tulipe?” Wakamjibu kwa methali, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mkubwa ndiye aliyeshinda, kwa kuwa ndiye aliyetoa fedha nyingi. Yaliyompata shangazi huko hotelini nitayaeleza baadaye. Kwanza tuyapime mashauri yao moja moja, maana kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Tuanze na hoteli kubwa. Mtindo huu wa kila kitu ndani ya bei moja si wa kwetu. Ulianza kupata jina mwaka 1950, kampuni ya Club Med ilipofungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Visiwa vya Karibea vikauchukua na kuukuza. Kule Jamaica, mwaka 1981, mfanyabiashara Gordon “Butch” Stewart alifungua hoteli yake ya kwanza ya Sandals mjini Montego Bay, na baada ya hapo mtindo huo ukaenea visiwa vingi. Zanzibar ilifungua milango kwa wawekezaji wa utalii katikati ya miaka ya 1980, na leo ukipita Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Matemwe utaziona hoteli za namna hiyo zimepangana.

Faida yake ni kwamba unajua gharama yako kabla hujatoka nyumbani. Hakuna kubishana bei kila mlo. Umeme wa kisiwa ukikatika, hoteli ya maana ina jenereta. Hili si dogo. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wakazi hawajasahau giza la mwezi mzima la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Kwa mtu aliyechoka mwili, hoteli ni dawa. Ninamfahamu muuguzi mmoja, mfanyakazi wa zamu za usiku, aliyekwenda na mumewe. Siku mbili za kwanza alilala tu, akaamka kula, akalala tena. Alirudi kazini uso unang’aa. Kwake yeye kila shilingi ilifanya kazi yake.

Hasara yake ni kwamba umelipia chakula chote, ule usile. Ukitaka kwenda mjini kula urojo au mishikaki ya Forodhani, unalipa mara ya pili. Kwa hiyo unajikuta umefungwa na fedha yako mwenyewe ndani ya ukuta. Unaweza kukaa siku tano Unguja ukarudi bila kuiona Unguja.

Sasa gesti. Neno hili limechafuka masikioni mwa watu kwa sababu ya zile za kando ya stendi. Lakini Mji Mkongwe, na vijiji kama Jambiani, Paje na Bwejuu, vina gesti safi za vyumba vichache, nyingine zikiwa za wenyeji wenyewe. Unapata chumba chenye choo ndani, chandarua, feni na kifungua kinywa. Chakula cha mchana na cha usiku unajitafutia. Gesti inamfaa mtu mmoja, au wawili, wanaotaka kuzunguka. Mwenye gesti ndiye atakayekuambia daladala gani inakwenda wapi na samaki anauzwaje leo. Kasoro zake ni kelele, maji ya kubahatisha, na vyumba ambavyo kwenye picha ni vikubwa kuliko vilivyo.

Nyumba ya kupanga nayo ina historia yake. Kabla hoteli hazijajaa, Shirika la Utalii la serikali ya Zanzibar lilikuwa na nyumba ndogo za mapumziko katika vijiji vya mwambao wa mashariki, kama Jambiani, Bwejuu na Makunduchi. Leo nyumba za kupanga ni za watu binafsi. Nyingine ni za kawaida za kijijini, nyingine ni vila zenye bwawa la kuogelea, nyingine ni fleti katika mji mpya wa Fumba, ambako watu hununua na kupangisha kwa siku. Nyingi hutangazwa kwa simu na kwenye intaneti.

Uzuri wa nyumba ni kwamba familia inakaa kama familia. Watoto wanacheza uani, bibi ana jiko lake, na jioni mnakaa kibarazani mkazungumza mpaka usingizi uwachukue. Ubaya wake ni kwamba matatizo yote ni yenu. Maji yakikatika, ni yenu. Gesi ikiisha mchuzi ukiwa jikoni, ni yenu. Na msipopanga mapema nani atapika, nitawaambia nani atapika: ni mama yuleyule mliyemleta apumzike. Nimeona familia ikimtoa mama jikoni Bara, ikamvusha bahari, ikamwingiza jiko jingine.

Ndugu wasikilizaji, hebu tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme chumba cha hoteli ya kawaida, cha watu wawili na kifungua kinywa, ni shilingi 180,000 kwa usiku, na kila mlo mwingine ni 15,000 kwa mtu. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu ni 250,000 kwa usiku, mpishi wa kijijini 30,000 kwa siku, na sokoni mnatumia 10,000 kwa kila mtu kwa siku.

Mkiwa watu sita kwa usiku nne, hotelini mtahitaji vyumba vitatu, yaani 2,160,000. Ongeza milo miwili kwa siku, ambayo ni 720,000. Jumla 2,880,000. Kwenye nyumba mtalipa kodi 1,000,000, mpishi 120,000 na soko 240,000. Jumla 1,360,000, haifiki hata nusu ya ile ya hoteli. Lakini mkiwa wawili tu, hoteli ni 720,000 na milo 240,000, jumla 960,000, na nyumba ileile ni 1,000,000 na mpishi 120,000 na soko 80,000, jumla 1,200,000. Mnaona? Hakuna mahali rahisi kwa kila mtu. Idadi ya watu ndiyo inayogeuza hesabu. Anayekuambia nyumba siku zote ni nafuu hajahesabu vichwa.

Bei ya usiku mmoja pia si gharama ya safari. Mtu wa Kagerankanda anatoka kijijini mpaka Kasulu, Kasulu mpaka Kigoma au moja kwa moja kwa basi kuelekea pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kisha anapanda boti karibu saa mbili. Hapo bado hajafika Jambiani. Nauli hizo ziandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla ya neno hoteli.

Kuhusu ndugu sitasema mengi. Kulala kwa ndugu si bure. Unakwenda na kilo za maharage, unanunua samaki, unaacha kitu kwa watoto, na mwenyeji wako anakupisha kitanda akalala sebuleni. Ukikaa siku mbili mtaagana kwa machozi. Ukikaa siku sita mtaagana kwa furaha, hasa yeye. Waone ndugu, kula nao chakula kimoja, lakini kama uwezo upo, lala kwako.

Sasa nije kwenye maonyo.

Moja, msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba, bei hupanda. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hupunguza bei na baadhi hufunga. Mkienda masika msilalamikie mvua.

Mbili, bahari yenyewe. Pwani ya mashariki, maji yakipwa, bahari inakimbia mbali sana, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea saa nne asubuhi atakuta mchanga na majani tu. Nungwi na Kendwa unaweza kuogelea karibu saa zote. Wanaotafuta kuogelea wajue hilo kabla ya kulipa.

Tatu, ulizia bei ya mkazi. Hoteli nyingi zina bei ya wageni na bei ya Watanzania, lakini hazikuambii usipouliza. Nenda na kitambulisho chako, maana hata tiketi ya boti utaikatia kwa hicho.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu, utapeli. Jamaa yangu mmoja alitumiwa picha za nyumba nzuri, akaambiwa atume nusu ya fedha kwa simu ili asipoteze nafasi. Akatuma. Alipofika na mkewe na watoto wanne, saa kumi jioni, mizigo kichwani, nyumba ipo kweli, lakini mwenye nyumba hamjui dalali, wala hajawahi kupangisha. Namba ya simu ilikuwa imezimwa. Walilala kwenye veranda ya msamaria mwema. Kwa hiyo, kabla hujatuma hata shilingi, mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya picha akiwa ndani, azunguke nayo mpaka bafuni. Uliza kama ana leseni ya Kamisheni ya Utalii. Uliza maji yanatoka wapi na umeme ukikatika inakuwaje. Kama una mtu Unguja, mtume akaone. Mwenye nyumba halali hatakasirika. Anayekuharakisha ndiye wa kumwogopa.

Tano, ujue unakwenda kwa watu. Vijiji vile ni vya Waislamu. Nguo ya kuogelea inaishia ufukweni, haiingii sokoni. Mwezi wa Ramadhani, anayekula mchana ale ndani.

Ndugu wasikilizaji, liko jambo jingine ambalo visiwa vya Karibea vimelijua kabla yetu. Wachumi wa kule wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mgeni anapolipa kila kitu kwao huko Ulaya au Marekani, kisha akala na kunywa ndani ya ukuta, sehemu kubwa ya fedha haifiki kisiwani. Muuza matunda wa nje ya geti humwona mgeni akipita ndani ya basi tu. Hoteli huajiri watu na hulipa kodi, hilo tusilikane. Lakini fedha uliyompa mpishi wa kijijini, mvuvi aliyekuletea changu asubuhi, na mwenye gesti mwenye watoto watatu shuleni, hiyo inalala palepale. Unapochagua kitanda unachagua pia ni nani atakula kwa fedha yako.

Makunduchi, kusini ya Unguja, wana sherehe yao ya Mwaka Kogwa, inayofanywa mwezi Julai. Desturi ni kwamba siku hiyo kila nyumba ipate mgeni, na nyumba isiyopata mgeni haina raha. Sisi watu wa Kasulu jambo hilo tunalielewa haraka. Tangu mwaka 1972 tumepokea wakimbizi kutoka Burundi, na tangu 1996 kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongo. Tunajua mgeni ni mzigo, na tunajua pia kwamba mgeni njoo mwenyeji apone.

Sasa nirudi kwa shangazi.

Alifika hotelini, akafungwa kile kitambaa cha mkononi, akaonyeshwa chumba. Kitanda kipana kuliko chumba chake cha Kagerankanda. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, akatafuta ufagio. Hakuna. Akatandika kitanda, mhudumu akaja akakitandua na kukitandika upya. Akaenda kusalimia watu kwa salamu ya kikwetu, ile ya kupiga makofi polepole, wageni wakadhani anapiga makofi kwa sababu ya muziki. Siku ya tatu akamuuliza mlinzi, “Mwanangu, wenyeji wa hapa wako wapi?” Mlinzi akamwonyesha ng’ambo ya ukuta.

Aliporudi alimshukuru mwanawe sana. Alimsifia chakula, alimsifia chumba. Mkubwa akaridhika kabisa. Mimi nilipokwenda Kagerankanda kumsalimia, tukiwa tumekaa tunachambua maharage, nilimuuliza, “Shangazi, Unguja ulipaonaje?” Akanyamaza kidogo, akasema, “Walinipeleka mahali pazuri. Lakini mimi nilitaka kukaa na mwanamke anayeishi kando ya bahari, nimuulize yeye analima nini.”

Wasikilizaji, katika ile miezi miwili ya mabishano, watu watatu wenye elimu, na simu tatu mkononi, hakuna hata mmoja aliyempigia mama yao kumuuliza: mama, ukisema kupumzika, unataka nini?

Nililifikisha neno hilo kwa wanawe, na sikulifikisha kwa upole. Mwaka uliofuata walimpeleka tena, siku nne tu, kwa fedha kidogo kuliko mara ya kwanza. Safari hii walimuuliza. Walipanga vyumba viwili katika gesti ya mwenyeji mmoja huko Jambiani. Wanawake wa Jambiani na Paje wanalima mwani tangu mwaka 1989. Maji yakipwa huingia baharini, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa juu ya vigingi. Asubuhi ya pili shangazi alipandisha kanga yake akaingia nao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona shamba lililofunikwa na bahari. Waliulizana mbegu, palizi, bei ya mnunuzi na wizi wa mnunuzi, na wakakuta kwamba mnunuzi wa mwani na mnunuzi wa maharage ni ndugu wa tumbo moja. Alirudi mgongo unamuuma, na mpaka leo hachoki kusimulia.

Sisemi kwamba gesti ni bora kuliko hoteli. Ningempeleka yule muuguzi wa zamu za usiku Jambiani akafunge mwani, angenilaani. Ninachosema ni kwamba pumziko la mtu mmoja ni adhabu ya mwingine. Anza na huyo anayekwenda. Muulize anataka kulala, kuogelea, kuzungumza, au kuona. Kisha hesabu vichwa. Kisha hesabu nauli. Baada ya hapo ndipo uangalie picha za vyumba, na utashangaa jinsi uchaguzi ulivyokuwa mwepesi.

Na kama fedha haitoshi kufika Unguja, msikae mkajilaumu. Mtu wa Kasulu ana Ziwa Tanganyika karibu na mlango wake, ziwa la pili kwa kina duniani, lenye migebuka, na mchanga wa ufukweni nao upo. Wengine hutoka mabara ya mbali kuja kuliona. Na huko nako swali ni lilelile: nani anakwenda, na anataka nini?